Kutafuta historia ya Tameside na mipaka yake iliyohamahama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wananiuliza maswali yaleyale kila wakati kuhusu huu upande wa mashariki wa Manchester. Wengine wamehamia huku na wanataka kujua mtaa wao ulikuwaje zamani, wengine wako Mombasa au Dar wana babu Mwingereza kwenye ukoo na wameshika cheti kimoja tu mkononi. Nimeyakusanya hapa. Kitu kimoja nitakirudia mpaka uchoke: kabla hujauliza "mahali hapa ni wapi", uliza "mwaka gani, na mpaka wa nani". Karatasi haziufuati mpaka unapohama, zinabaki na ofisi iliyoziandika.

Tameside ni nini hasa? Mbona siioni kwenye ramani za zamani?

Huioni kwa sababu haikuwepo. Tameside ni boro (eneo lenye baraza lake la serikali za mitaa) iliyoundwa tarehe 1 Aprili 1974 kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, ni moja kati ya boro kumi za Greater Manchester. Walichukua miji tisa iliyokuwa inajitegemea wakaiweka pamoja: Ashton-under-Lyne, Audenshaw, Denton, Droylsden, Dukinfield, Hyde, Longdendale, Mossley na Stalybridge. Jina limetoka kwenye mto Tame unaopita katikati, na huo mto ndio ufunguo wa mambo yote, maana kwa karne nyingi ulikuwa ndio mpaka wa kaunti mbili. Upande wa Ashton, Denton na Droylsden ni Lancashire, upande wa pili wa Dukinfield na Hyde ni Cheshire. Sasa ukitafuta "Tameside" kwenye hati ya 1880 hutapata kitu hata utafute mwaka mzima, tafuta jina la mji, na ikiwezekana jina dogo zaidi ya mji.

Hati moja ya bibi yangu inasema Lancashire nyingine Cheshire, na alikuwa anaishi Stalybridge tu maisha yake yote. Ipi ya uongo?

Hakuna ya uongo, zote mbili sawa. Stalybridge ilikua pande mbili za mto wakati wa viwanda vya pamba, kwa hiyo sehemu ilikuwa Lancashire na sehemu Cheshire, mtu anavuka daraja kwenda kazini na ameshabadilisha kaunti. Halafu ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1888 iliyounda mabaraza ya kaunti, na sheria ile ikasema mji ulioko kwenye kaunti mbili uwekwe wote kwenye kaunti moja, ile yenye watu wengi zaidi kwa hesabu ya sensa ya 1881. Stalybridge yote ikaenda Cheshire kuanzia 1889. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa upande wa kaskazini ya mto 1885 alizaliwa Lancashire, akaolewa Cheshire, na hakuhama hata nyumba. Ni sawa na mtu aliyezaliwa Geita kabla ya 2012, cheti chake kinasema mkoa wa Mwanza na hajadanganya mtu.

Parokia, tauniship, yunioni, boro, kata... mbona majina mengi hivi kwa sehemu moja?

Kwa sababu kila kazi ilikuwa na mpaka wake. Hii ndiyo inayowachanganya wengi, wanadhani kuna ramani moja ya kale na moja ya sasa, kumbe kwa wakati mmoja kulikuwa na ramani tano sita zimelaliana. Kanisa lilikuwa na parokia zake, na huku kaskazini parokia zilikuwa kubwa mno, ile ya Mottram peke yake ilikuwa na tauniship nane: Mottram, Hollingworth, Tintwistle, Hattersley, Godley, Newton, Matley na Stayley. Tauniship, yaani kipande cha parokia, ndiyo iliyokuwa inashughulika na maskini wake na barabara zake, kwa hiyo kwa mambo ya kila siku hiyo ndiyo ya kuangalia. Dukinfield na Hyde zilikuwa tauniship ndani ya parokia ya Stockport, Denton na Droylsden ndani ya parokia ya Manchester, ndiyo maana mtu wa Droylsden anaweza kuandikwa ni wa "parokia ya Manchester" na wewe ukaenda kumtafuta mjini katikati, ukapoteza muda.

Baada ya sheria ya maskini ya 1834 zikaundwa yunioni, yaani tauniship nyingi zinaungana kuendesha nyumba moja ya kazi ya maskini. Yunioni ya Ashton-under-Lyne ya 1837 haikujali mto, ilichukua watu wa Lancashire na wa Cheshire pamoja. Kumbuka hilo, litakuja tena kwenye vyeti.

Halafu 1894 zikaja wilaya za mijini na za vijijini. Limehurst kwa mfano ilikuwa wilaya ya vijijini kuizunguka Ashton, imeishi kuanzia 1894 mpaka 1954 ikavunjwa vipande vikagawiwa majirani. Leo muulize mtu barabarani Limehurst iko wapi, wengi hawatakuambia kama ilishawahi kuwa na baraza lake. Longdendale nayo ni ya 1936, imetokana na Hollingworth na Mottram.

Nimeambiwa Mossley ilikuwa kwenye kaunti tatu. Kweli?

Kweli kabisa, na kwa mimi hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kujifunzia hii kazi. Mossley imekaa pale Lancashire, Cheshire na Yorkshire zinapokutana. Sehemu ya mji wenyewe ni parokia ya Ashton, Lancashire. Micklehurst ng'ambo ya mto ni parokia ya Mottram, Cheshire. Roughtown ni Saddleworth, na Saddleworth ni Yorkshire. Mji ulipopewa hadhi ya boro 1885 ulikuwa bado na vipande vya kaunti tatu, na 1889 wote ukawekwa Lancashire kwa sheria ileile niliyoitaja.

Sasa chukua familia moja ya wafuma pamba hapo miaka ya 1840, watoto watatu wamezaliwa ndani ya umbali ambao unautembea kabla chai haijapoa, na wanaweza kuwa kwenye rejista za makanisa ya parokia tatu. Zaidi ya hapo, Saddleworth japokuwa ni Yorkshire, kikanisa ilikuwa chini ya parokia ya Rochdale ambayo ni Lancashire, na dayosisi yake ilikuwa Chester na sio York! Mtu anakwenda kutafuta kwenye nyaraka za York kwa sababu ramani inasema Yorkshire, anatoka mikono mitupu anaamua ukoo umeishia hapo, na karatasi ziko upande mwingine kabisa zinamsubiri.

Na Mossley mpaka leo ina baraza lake dogo la mji, ndiyo pekee iliyobaki na baraza la namna hiyo ndani ya Tameside.

Sensa zinapatikana za miaka gani na nianze na ipi?

Sensa ya kwanza Uingereza ni 1801, lakini zenye majina ya watu wote kwa mpangilio wa nchi nzima zinaanzia 1841, kila miaka kumi. Zinafungwa miaka 100, kwa hiyo ya mwisho iliyo wazi ni ya 1921, ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliungua moto 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, ndiyo maana watu wanatumia rejista ya Septemba 1939 kuziba hilo pengo.

Anza na ya karibu zaidi unayoweza kumpata mtu wako halafu rudi nyuma. Na tafadhali usisome jina la mtu tu, soma kichwa cha ukurasa. Watu wanadaunlodi picha, wanakata mstari wa babu, wanatupa kilichobaki. Chukua ukurasa wa 1881: juu kabisa kuna vyumba vimejipanga, parokia ya kiserikali, boro, kata ya boro, jimbo la ubunge, mji au kijiji, wilaya ya afya ya mjini au ya vijijini, parokia ya kanisa. Yaani karani alishakuandikia mipaka yote aliyokuwa amesimama ndani yake siku ile, bure. Nakili hayo yote kwenye daftari lako.

Ya 1841 ina mtego. Haikuuliza umezaliwa wapi, iliuliza tu kama umezaliwa kaunti hiihii, jibu ni Y au N. Kwa mtu anayeishi katikati ya kaunti kubwa ile N inamaanisha ametoka mbali. Kwa mtu wa Ashton, Stalybridge au Mossley, N inaweza kuwa amezaliwa ng'ambo ya mto, nyumba anaiona kutoka dirishani. Usikimbilie kusema familia ilihamia kutoka mbali, ngoja umuone 1851 ambapo wameandika parokia ya kuzaliwa. Na umri wa watu wazima kwenye ya 1841 waliushusha kwenye tano tano, kwa hiyo aliyeandikwa 35 anaweza kuwa na 39.

Cheti cha kuzaliwa kinasema wilaya ya usajili ni Ashton lakini familia inasema wao ni watu wa Cheshire. Inakuwaje?

Usajili wa kiserikali ulianza tarehe 1 Julai 1837 na wilaya zake zilifuata zile yunioni za maskini, sio kaunti. Kwa hiyo mtoto wa Dukinfield, Cheshire, anasajiliwa Ashton-under-Lyne bila shida. Kwenye faharasa ya taifa kuanzia 1852 utaona namba ya juzuu: 8d ni Ashton na majirani zake wa Lancashire, 8a ni Stockport na Cheshire iliyo nje ya yunioni ya Ashton, 9a ni Yorkshire na Saddleworth imo. Ukiona mtoto mmoja ni 8d na mdogo wake ni 9a usidhani ni familia mbili, kwanza fungua ramani ya Mossley. Faharasa unaweza kusoma bure onlaini, ile ya ofisi kuu ya usajili ina hadi jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, na hilo linasaidia sana maana huku majina yanarudiarudia.

Rejista za makanisa nazo zilihama 1974?

Hapana, na hili linashangaza wengi. Kanisa la Anglikana halikufuata mpaka wa 1974. Dayosisi ya Manchester iliundwa 1847 ikachukua upande wa Lancashire, lakini Hyde, Dukinfield na Stalybridge ya upande wa Cheshire zimebaki dayosisi ya Chester mpaka leo. Yaani Jumapili ya leo waumini wa Hyde wako chini ya askofu wa Chester, na takataka zao zinabebwa na Tameside. Kwa hiyo ukitafuta rejista, upande wa Ashton elekea nyaraka za Manchester, upande wa Cheshire elekea nyaraka za Cheshire. Ubatizo, ndoa na mazishi kwa jumla yaliagizwa kuandikwa kuanzia 1538, ila makanisa mengi kurasa za mwanzo zimepotea.

Halafu usisahau kwamba hii ilikuwa nchi ya madhehebu mengine pia, Wamethodisti walikuwa wengi sana, Wamoraviani wana makazi yao Fairfield pale Droylsden tangu karne ya 18. Mtu akikosekana Anglikana haimaanishi hakubatizwa.

Na wosia?

Kabla ya tarehe 12 Januari 1858 wosia ulipitishwa na mahakama za kanisa, na kwa eneo hili lote la pande mbili za mto ni mahakama ya dayosisi ya Chester. Ila karatasi zimegawanywa: za watu wa Lancashire ziko Preston, za Cheshire ziko Chester. Wa Saddleworth pia anza na faharasa ya Chester. Baada ya tarehe hiyo ni mfumo mmoja wa taifa, unatafuta onlaini kwa jina na mwaka wa kufa.

Nitajuaje mpaka ulipita wapi hasa? Mimi nataka kuona mstari.

Ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la kupima ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland wameziweka onlaini bure pamoja na za Uingereza yote, unaweza kuilaza ramani ya zamani juu ya picha ya setelaiti ya leo ukasogeza kidogo kidogo. Lancashire na Yorkshire walipimwa mapema kwa skeli ya inchi sita kwa maili, miaka ya 1840 na 1850, Cheshire ilingoja mpaka miaka ya 1870. Kwa hiyo kwenye Stalybridge ya 1840 na kitu unaweza kuona upande mmoja wa mto umejaa nyumba na viwanda na upande wa pili karatasi nyeupe. Sio kwamba kulikuwa tupu, wapimaji walikuwa hawajafika kaunti ile.

Ukikuza ile ya inchi 25 utaona nukta nukta na vistari, kila aina ya mpaka ina mtindo wake, na pembeni herufi ndogo ndogo. C.R. maana yake mpaka unapita katikati ya mto, C.S. ni katikati ya kijito, R.H. ni shina la ua wa miti, na mara nyingi wameandika "4 ft. R.H.", yaani futi nne kutoka kwenye shina. Und. ni mpaka usiojulikana vizuri. Mimi napenda sana hizi herufi, maana nyuma yake kuna mtu aliyetembea ule mstari akiwa na wazee wa pale wanaomwonyesha "hapa ni kwetu, pale ni kwao". Na madaftari yao ya mipaka yamehifadhiwa Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa, mfululizo wa OS 26. Angalia pia sehemu ambazo mpaka unajipinda bila sababu wakati mto umenyooka. Mara nyingi mto ndio uliohama, au walijenga kiwanda wakauelekeza, mpaka ukabaki ulipokuwa.

Kwa mipaka kama data, kuna websaiti ya Vision of Britain ya Chuo Kikuu cha Portsmouth, unaandika jina la mahali inakupa ilikuwa chini ya nini kwa miaka tofauti. Ile ndiyo ya kufungua kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Tintwistle iko Cheshire, Derbyshire au Tameside?

Kihistoria Cheshire. 1974 majirani zake wa Longdendale walikwenda Tameside, yenyewe ikapelekwa Derbyshire, wilaya ya High Peak. Kwa hiyo mambo ya kabla ya 1974 tafuta Chester, baada ya hapo Matlock ambako nyaraka za Derbyshire zinakaa.

Wazee wa hapa bado wanasema wao ni wa Lancashire au Cheshire. Wanakosea?

Hawakosei na usibishane nao. Serikali yenyewe 1974 ilieleza kwamba kaunti mpya ni za utawala tu, hazifuti zile za jadi wala uaminifu wa watu kwazo. Baraza la Greater Manchester lenyewe lilivunjwa 1986, boro zikabaki. Kwa mtafiti hii ni faida, mzee anayesema "mimi mtu wa Cheshire" anakuambia ni upande gani wa mto alikokulia. Mwache aongee na umrekodi kama atakubali.

Postikodi inaweza kunisaidia?

Kwa historia hapana. Boro moja hii ina OL za Oldham kwa Ashton na Mossley, SK za Stockport kwa Hyde, Dukinfield na Stalybridge, na M za Manchester kwa Denton na Droylsden. Hiyo ni njia ya barua tu.

Niko Afrika Mashariki siwezi kuja. Nitafika wapi kwa simu tu?

Mbali sana. Faharasa za vyeti bure, ramani bure, rejista nyingi za Lancashire zimechapwa na watu wa kujitolea kwenye mradi wa Lancashire Online Parish Clerks, bure pia. Sensa na magazeti ya zamani kwa kawaida ni ya kulipia, lakini maktaba nyingi za umma Uingereza zina akaunti ndani ya jengo, kwa hiyo kama una ndugu au rafiki huku mwombe aende maktaba na orodha yako. Mwandalie orodha fupi yenye jina, mwaka, tauniship. Ukimwambia "nitafutie habari za babu" atarudi na hewa.

Nikifika ofisi ya nyaraka kwa mara ya kwanza inakuwaje?

Nyaraka za Tameside ziko Ashton, na hapo ndipo zilipo kumbukumbu za zile halmashauri tisa za zamani, na pia za jeshi la Manchester Regiment lililokuwa na kambi yake Ashton. Andika imeili mapema uulize siku za kufungua na utaje unachotaka kuona. Unaingia na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi, begi linabaki kwenye loka, chai nje. Usiogope kwamba Kiingereza chako hakiko hivi au vile, wafanyakazi wa sehemu hizi kazi yao ni kukusaidia na wengi wanaipenda. Uliza hasa vitabu vya kodi za nyumba, daftari za wapiga kura, kumbukumbu za shule na mihutasari ya vikao. Vikao vya baraza ndipo utakuta mabishano yenyewe ya mipaka: nani atalipia mfereji wa maji machafu unaovuka mto, nani aweke taa kwenye daraja.

Kuna uhusiano wowote na kwetu zaidi ya babu mmoja mmoja?

Upo, pamba. Njaa ya pamba, yaani pamba ilipokosekana viwandani, ya 1861 mpaka 1865, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, iliangusha miji hii vibaya, Machi 1863 watu wa Stalybridge walifanya ghasia kwa sababu ya namna misaada ilivyokuwa inagawiwa. Hofu ya kutegemea pamba ya Marekani haikuisha, na 1902 wenye viwanda wakaanzisha chama cha kukuza pamba kwenye makoloni, na Uganda ikawa moja ya sehemu walizozielekea. Kwa hiyo mkulima wa Buganda na mfumaji wa Ashton wako kwenye historia moja, na hapa ningependa sana vijana wetu waliopo huku wachimbe zaidi.

Kwenye maandishi yangu niandike jina la mahali vipi ili watu wasichanganyikiwe?

Andika kama hati ilivyoandika, weka mwaka, halafu weka ya leo. Kwa mfano: Micklehurst, parokia ya Mottram, Cheshire, 1851, leo Mossley, Tameside. Usisahihishe hati ya zamani iendane na ramani ya sasa, na usiandike Greater Manchester kwa mtu aliyekufa kabla ya 1974. Programu nyingi za ukoo zinajaza jina la kisasa zenyewe ukibonyeza tu, zima hiyo kitu kama inazimika, au futa uandike kwa mkono.